MAMBO YA NYUMBANI: Kuchagua Sura ya Kompyuta



Mwezi huu twanena juu ya chombo ambacho kimeingia katika nyumba nyingi za Kabasa, Bunda, Butiama na Musoma, nacho ni kompyuta. Zamani kilionekana ofisini tu. Siku hizi mwalimu anayo ya kuandikia mitihani, mwenye duka huandika humo hesabu za mali yake, na kijana aliyesoma Mwanza au Dar es Salaam huwaletea wazazi wake ile aliyoitumia chuoni. Nyingi ni za mkono wa pili, na karibu kila nyumba inayo moja tu, inayotumiwa na wote.

Swali lililo mbele ya nyumba hizo ni hili: kompyuta hii tuivike sura gani? Wala swali hili si la mapambo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, ambayo ndiyo iliyomo katika mashine nyingi za zamani. Windows 11 iliyoifuata haizikubali nyingi za mashine hizo, maana yataka chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kichakataji cha miaka ya karibuni, yaani ile akili ya mashine ifanyayo hesabu. Kwa hiyo wako waambiwao, “Hiyo imekwisha, nunueni nyingine.” Na kununua nyingine, kwa nyumba ya mkulima wa pamba au ya mwalimu, pengine ni kuuza ng’ombe. Basi, kabla ya kumfungua ng’ombe kamba, yasomeni haya.

SURA NI NINI?

Kompyuta ni kama nyumba. Vyuma vyake ndivyo msingi na kuta. Ndani yake imo programu kuu iiendeshayo mashine yote. Windows ni moja ya programu hizo. Nyingine ni za jamii ya Linux, nazo hupatikana bila malipo. Juu ya programu kuu ndipo ilipo sura: yaani ile picha uionayo mashine ikiisha kuwaka, upau ulio chini au juu, menyu, madirisha yanayofunguka na kufungwa, na mahali pa kubonyeza ili kuizima. Mafundi huiita mazingira ya eneo-kazi. Sisi hapa tutaiita sura tu.

Katika Windows sura ni ile unayopewa. Katika Linux sura ni nyingi, na mwenye nyumba huchagua mwenyewe. Tena barua zako na picha zako hazigeuki kwa kubadili sura, kama vile unga haugeuki kwa kuhamishwa kutoka mtungi huu kwenda mtungi ule.

SURA HIZI ZILITOKA WAPI?

Wazee husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Finland, alitoa kiini cha Linux. Katika siku zile za kwanza aliyetaka kuitumia alipaswa kujua kuandika amri nyingi kwa herufi, na watu wa kawaida hawakuweza. Mwaka 1996 Mjerumani mmoja, Matthias Ettrich, alianzisha kazi ya KDE, ili mtu asiye fundi apate kutumia kompyuta kwa kubonyeza tu. Lakini KDE ilijengwa juu ya vifaa viitwavyo Qt, ambavyo wakati ule masharti yake ya kisheria hayakuwa huru kabisa. Kwa sababu hiyo, mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena, watu wa Mexico, wakaanzisha GNOME. Karibu na miaka hiyohiyo Olivier Fourdan, Mfaransa, akaanza Xfce.

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa mfumo uitwao Ubuntu, uliotumia sura ya GNOME. Jina hilo ni la lugha za Wazulu na Waxhosa, na ye yote ajuaye Kiswahili alitambua mara moja, maana ni “utu” wetu uleule.

Mwaka 2011 likatokea jambo lenye mafundisho. Watu wa GNOME walitoa toleo la tatu, wakaiondoa menyu na upau ambavyo watu walikuwa wamevizoea kwa miaka mingi, wakaweka namna mpya kabisa. Wengi walinung’unika. Lakini wako ambao hawakuishia katika kunung’unika. Mtu mmoja wa Argentina aliichukua GNOME ya zamani, akaanza kuitunza kwa jina la MATE. Nao watu wa Linux Mint wakatengeneza sura nyingine, Cinnamon, yenye menyu pale pale watu walipozoea kuitafuta. Sura zote mbili zaishi mpaka leo. Hapa twajifunza kwamba mazoea ya mtumiaji si upumbavu wa kudharauliwa. Aliyejifunza kazi yake kwa taabu ana haki ya kukikuta chombo mahali alipokiacha jana.

Basi, katika wingi huu, nyumba itachaguaje? Twawapa vipimo vinne, na vifuatwe kwa taratibu yake.

KWANZA: PIMENI NGUVU YA MASHINE

Kabla ya kuitazama sura yo yote, ulizeni mashine ina kumbukumbu ya kufanyia kazi kiasi gani, ile ambayo mafundi huiita RAM. Katika Windows, bonyezeni kwa kitufe cha kulia alama ya Windows iliyo chini, kisha mahali palipoandikwa “System”. Hapo mtaona hesabu yake kwa GB, na tena mtaona kama mashine ni ya biti 64 au biti 32.

Mashine ya biti 32 tu ni ya zamani sana, na milango yake yafungwa mmoja mmoja. Hata Debian, mfumo ulioanza mwaka 1993 na unaosifiwa kwa kuhifadhi mashine kongwe, ulipotoa toleo la 13 mwezi Agosti 2025 haukutoa tena kisakinishi cha mashine hizo. Ukiuziwa moja kwa bei ya kuvutia, fikiri mara mbili.

Kwa mashine ya biti 64, twasema hivi. Yenye GB 2 ivikwe sura nyepesi: LXQt, iliyomo katika mfumo wa Lubuntu, au Xfce, iliyomo katika Xubuntu na katika Linux Mint. Yenye GB 4 yaweza Xfce au MATE bila taabu, na Cinnamon kwa kiasi. Yenye GB 8 au zaidi yaweza sura yo yote, hata GNOME na KDE. Watu wa Linux Mint wenyewe hutaja GB 2 kuwa kima cha chini, nao hushauri GB 4.

Lakini angalieni, msije mkadanganyika. Sura nyepesi haiifanyi nyepesi kila programu iliyo ndani yake. Kivinjari cha intaneti, kikifunguliwa kurasa kumi pamoja, kitailemea mashine ya GB 2 katika sura yo yote, kama mzigo wa punda usivyopungua kwa kumbadilishia tandiko. Tena kama mashine ina diski ya zamani izungukayo, kuibadili kwa diski ya SSD mara nyingi huleta nafuu kubwa kupita kubadili sura. Fundi mwaminifu atawaambia hayo kabla ya kuwauzia kitu kingine.

Wako wadhanio kwamba sura nyepesi ni ya aibu, kana kwamba ni nguo ya maskini. Sivyo. LXDE, sura nyepesi iliyoanzishwa Taiwan mwaka 2006 na Hong Jen Yee, ndiyo iliyowekwa kuwa msingi wa sura ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 na ikaenea ulimwenguni. Hata huku kwetu Tanzania, shirika la Powering Potential lilizipeleka kompyuta hizo katika shule za sekondari za Karatu, mkoani Arusha, zikaendeshwa kwa umeme wa jua. Pale umeme ni haba, wepesi ni akili.

PILI: WATAZAMENI WATU WA NYUMBA

Kipimo hiki ndicho kikubwa, na ndicho kisahauliwacho mara nyingi. Kwa kawaida achaguaye ni kijana wa nyumba, maana ndiye ajuaye. Naye huchagua inayompendeza yeye.

Tuseme nyumba ina watu wanne. Baba ni mwalimu, aandika mitihani. Mama auza maziwa, ataka kuweka hesabu ya wateja na madeni yao. Kijana yuko sekondari, ataka kujifunza kila kitu. Bibi hataki ila kuona picha za wajukuu na kusema na mwanawe aliye Dar es Salaam. Je, sura ichaguliwe kwa ajili ya nani?

Sisi twasema, ichaguliwe kwa ajili ya yule ajuaye kidogo kuliko wote, naye ana kazi ya kweli ya kufanya. Katika nyumba hii ni mama. Kijana ataizoea sura yo yote kwa muda wa saa moja. Mama, akiikuta menyu imehama, itampasa kumwita kijana. Ataita leo, ataita kesho. Siku ya tatu ataona haya, naye atarudi kwenye daftari lake. Hapo kompyuta imekwisha kuwa mali ya mtu mmoja, ingawa ilinunuliwa kwa fedha ya wote, na pengine kwa fedha ya maziwa hayohayo.

Aliyezoea Windows atajiona kwao katika Cinnamon, kwa kuwa menyu i pembeni chini kushoto na upau uko chini. MATE na Xfce zaweza kupangwa vivyo hivyo. Ambaye hakuwahi kushika kompyuta, ila simu ya kugusa, huenda akaipenda GNOME, maana programu zake hupangwa kwa picha kubwa kama katika simu. KDE yafaa apendaye kupanga kila kitu kwa mkono wake. Lakini mahali penye vifungo vingi, mtoto naye huvibonyeza, na jioni upau hauonekani tena ulipokwenda.

Kila mtu na afunguliwe mlango wake, yaani jina lake na neno lake la siri. Hivyo mitihani ya baba haitaonwa na kijana, wala hesabu ya mama haitafutwa na mtoto achezaye. Katika Linux yawezekana hata kuweka sura mbili katika mashine moja, kila mtu akachagua yake anapoingia. Lakini msizirundike; mbili zatosha sana, na moja ni bora.

TATU: LUGHA

Mama atakutana na maneno katika kila menyu. Je, yatakuwa ya lugha gani?

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, pamoja na wenzao wa Sweden, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya kuheshimiwa, maana iliwapasa kutafuta maneno kwa mambo yasiyokuwa na jina. Leo LibreOffice, iliyozaliwa kutokana na OpenOffice mwaka 2010, yaweza kuwekwa Kiswahili cha Tanzania.

Lakini upande wa sura zenyewe, tafsiri haijatimia. Ukichagua Kiswahili utakuta menyu nyingine zina maneno yetu na nyingine zimebaki Kiingereza, kama shamba lililopaliliwa nusu. Basi kabla ya kuamua, mwiteni mama, mfungulieni menyu, na asome mwenyewe. Kama mchanganyiko wamtatiza, wekeni picha kubwa za kazi zake tatu au nne katika eneo-kazi, na kila moja ipewe jina la Kiswahili analolijua: “Hesabu ya Maziwa”, “Barua”, “Picha”. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, na faida yake ni ya kila siku.

Wala tusiseme Kiswahili hakiwezi. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliichukua michezo ya Shakespeare akaifasiri: Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Lugha iliyobeba maneno ya Shakespeare haitashindwa na menyu ya kompyuta. Kinachokosekana ni wafasiri. Sura hizi hufasiriwa na watu wajitoleao, na mlango u wazi. Mwalimu wa Kiswahili ajuaye neno lifaalo, mwenye subira ya jioni moja kwa juma, aweza kutenda jambo litakalowafaa watu wa Mombasa na wa Bukavu pamoja na wa Bunda.

NNE: MSAADA NA GHARAMA

Sura nzuri isiyojulikana na mtu ye yote karibu nawe ni kama jembe lisilo na mhunzi. Ulizeni, nani katika kata yetu aitumia? Kama mwalimu wa jirani anayo Linux Mint yenye Xfce, hiyo ni sababu kubwa ya kuchagua hiyohiyo, hata kama nyingine yapendeza zaidi. Likitokea la kutokea, mtamwendea kwa miguu.

Na gharama? Programu ni bure, lakini kuipakua si bure. Linux Mint ni karibu GB 3, nayo yamaliza bando. Basi nyumba kumi zisipakue mara kumi. Mtu mmoja apakue, nyingine zinakili kutoka kwake. Masharti yake yaruhusu kunakili na kugawa, wala si wizi.

NAMNA YA KUJARIBU

Tafuteni flashi ya GB 8. Programu ndogo kama Etcher huiandika Linux ndani yake. Jueni kwamba yote yaliyokuwa katika flashi hiyo yatafutika. Izimeni kompyuta, chomekeni flashi, iwasheni huku mkibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Mara nyingi ni F12, F2 au Esc, kwa kadiri ya mtengenezaji. Mfumo utawaka kutoka katika flashi, pasipo kuigusa diski ya ndani. Utakwenda polepole kidogo, na hilo lisiwatishe.

Hapo mjaribu kazi za kweli. Je, intaneti yashika? Je, sauti yasikika? Je, printa yachapa? Mwalimu na afungue mtihani aliouandika kwa Word, atazame kama majedwali yamekaa mahali pake. Mara nyingi hukaa, lakini pengine huhama, na ni heri kujua mapema. Mama na aandike hesabu ya siku moja. Mfanye hivyo kwa juma zima kabla ya kuamua.

Mkiisha kukubaliana, nakilini kwanza barua, mitihani na picha zote katika diski nyingine, mhakikishe zafunguka, ndipo mwiweke Linux ndani. Asiyenakili kwanza asije akamlaumu mtu.

MASWALI MAWILI

Mtu aweza kuuliza, “Ofisi yetu yatumia programu ya hesabu isiyokubali ila Windows. Tufanyeje?” Jibu ni kwamba mashine ya kazi hiyo ibaki na Windows iliyo hai, maana chombo hufuata kazi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwingine aweza kuuliza, “Je, katika Linux hakuna virusi?” Viko vichache kwa kompyuta za nyumbani, lakini walaghai hawatazami sura. Atakayempa mgeni neno lake la siri ataibiwa katika mfumo wo wote. Na marekebisho ya usalama yapokelewe kila yatokapo, maana ndiyo sababu ya kuihama ile ya zamani.

Basi, wapenzi, kama mnataka neno moja la kushika, tungesema hivi: kwa mashine ya mkono wa pili yenye GB 4, anzeni na Linux Mint yenye Xfce; kama ni GB 8, anzeni na Cinnamon. Kisha msibadili-badili. Sura iliyokaa mwaka mmoja pasipo kuguswa, mama akaijua kama ajuavyo jiko lake, yapita nyingine zote kwa uzuri.

Na jioni ya kuchagua, asiketi kijana peke yake mbele ya kioo. Aiteni nyumba yote, na kipanya kiwe mkononi mwa yule ajuaye kidogo.